Mnairobi, Kusanya Sarafu Zako

Ninasema na wewe unayepanda matatu ya Kangemi kila alfajiri, wewe wa Kawangware, wewe wa Kinoo na Uthiru, na wewe wa Lavington uliyeachiwa na marehemu baba kabati lenye droo ambayo hadi leo hujaifungua. Nyumbani kwenu pana kopo. Huenda ni la majani chai, huenda ni la biskuti za zamani, na ndani yake, chini ya vifungo vya nguo na funguo zilizopoteza kufuli, zimo sarafu za enzi ya Mwingereza. Zitoe leo. Usingoje matanga ndipo vitu vya shosho vimwagwe uani na kila mtu achukue anachotaka, kinachobaki kiende kwa muuza vyuma chakavu.

Watu wengi wameaminishwa kwamba kukusanya sarafu za kale ni starehe ya wazungu wastaafu wenye muda na pesa za kuchezea. Nakataa. Sarafu hizi zilipigwa Uingereza, ni kweli, lakini zilizeekea mikononi mwetu. Zililipa kodi ya nyumba za mababu zetu, zikanunua chumvi na kitambaa cha marekani, zikafungwa kwenye pindo la leso, zikafukiwa chini ya kitanda. Hakuna mtu duniani mwenye haki ya kuzijua kutupita sisi.

Mezani ninapoandikia ipo senti kumi ya mwaka 1936. Ni pana kuliko shilingi ishirini ya leo, rangi yake kahawia iliyokolea kama kahawa iliyokaangwa, na katikati ina tundu. Upande mmoja pembe za ndovu zimejipinda kulizunguka tundu hilo. Upande wa pili pana taji, na pembezoni jina la mfalme kwa Kilatini: EDWARDVS VIII. Mfalme Edward wa Nane alirithi kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo, kabla ya kutawazwa, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Huko kwao Uingereza, pesa zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike madukani. Za huku zilikuwa na tundu mahali ambapo sura ingekaa, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kusubiri. Jina lilichongwa, sarafu zikapakiwa melini, zikafika Nairobi. Muuza mboga wa hapa alishika pesa ya mfalme ambayo muuza samaki wa London hakuwahi kuishika! Na kuipata sarafu hiyo leo hakuhitaji utajiri, maana zilipigwa nyingi. Yawezekana kabisa ikawa ndani ya kopo lenu.

Ukiipata, isogeze kwenye mwanga na utafute herufi ndogo. Ukiona H, ilipigwa katika kiwanda cha Heaton, Birmingham. Ukiona KN, ilitoka King's Norton, pia Birmingham. Isipokuwa na herufi, ni ya kiwanda cha kifalme cha London. Kisha chukua sarafu za miaka ya Vita Vikuu vya Pili, kati ya 1942 na 1946, na utakuta herufi nyingine: I kwa zile za Bombay, SA kwa zile za Pretoria. Vita vilikuwa vimechacha, bahari ikawa ya hatari, kazi ikagawiwa nchi za himaya zilizokuwa karibu zaidi nasi. Halafu tazama cheo cha Mfalme George wa Sita. Kwenye sarafu za mwanzo anaitwa pia Kaizari wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947, maneno hayo yakaondolewa, na sarafu zilizofuata hazina tena. Himaya ilianza kumeguka, na habari hiyo ikafika hadi kwenye senti ya tundu ya mtoto aliyetumwa dukani Dagoretti. Nani alikufundisha hayo shuleni? Mimi sikufundishwa. Niliyasoma kwenye chuma.

Safari yenyewe ni ndefu, na inaanzia pwani. Kampuni ya Kiingereza iliyojipa utawala wa Mombasa ilileta pesa zake zenye mwaka 1888, na pesa yake ya shaba ina picha ya mizani. Kabla yake Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ameshatoa pesa zake zenye mizani, na karne nyingi nyuma masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba wenyewe, hata moja ikaja kuonekana Zimbabwe Kuu. Hatukufundishwa pesa na mgeni. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wafanyakazi walilipwa kwa rupia. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa 1901 ililipwa kwa rupia. Mwaka 1906 rupia ikagawanywa kuwa senti mia moja, na baada ya muda mfupi senti za tundu zikaingia mikononi mwa watu.

Hapo ndipo pana kisa ambacho kila Mnairobi angepaswa kukijua. Mwishoni mwa 1919 iliundwa huko London Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 rupia iliondolewa njiani, ikaletwa florini. Mwaka 1921 florini nayo ikatupwa, ikaja shilingi. Pesa tatu katika muda usiozidi miaka miwili! Mfikirie mtu aliyeweka akiba yake ya rupia kwenye chungu huko Kikuyu, hajui kusoma, na kila akienda sokoni anaambiwa pesa imebadilika. Wakati huohuo kodi ilikuwa imepandishwa na mishahara ya vibarua ikakatwa. Harry Thuku akasimama kuyasema hayo, akakamatwa Machi 1922, na tarehe 16 watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumtetea wakapigwa risasi, karibu na barabara ambayo sasa ina jina lake. Ukishika shilingi ya 1921, yule simba aliyesimama mbele ya milima, umeshika kitu kilichokuwa mifukoni mwa watu wale wale. Nikiiweka kiganjani huwa nanyamaza kidogo.

Sasa swali ambalo najua unalo: hii ina thamani gani? Nitakujibu wazi, maana uongo ni mwingi. Sarafu nyingi utakazokuta koponi zina bei ndogo sokoni. Umri peke yake hauifanyi sarafu kuwa ghali. Senti kumi za miaka ya hamsini zimejaa kila mahali. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka. Shilingi moja ya mwaka uleule inaweza kuwa karibu bure ikiwa simba amesuguliwa hadi kubaki kivuli, na ikawa ya kugombaniwa ikiwa kila unywele wa shingo yake bado unaonekana. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha. Uzito wake ni karibu gramu nane, kwa hiyo fedha safi iliyomo inakaribia gramu mbili, na sonara anayekununulia kwa kuyeyusha anakulipa gramu hizo mbili basi. Shilingi za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Mjue mfalme, mjue mwaka, ndipo uongee bei.

Na yeyote anayekupigia simu kukuambia ana mnunuzi wa mamilioni, ila utume kwanza pesa za usajili, ni mwizi. Kata simu.

Sikia na hili, tena lishike sana: usisafishe. Najua mkono unawasha. Tumelelewa kwamba kitu cha heshima hung'aa, na shosho mwenyewe atakuletea majivu na limau. Mzuie kwa adabu. Ile rangi iliyotanda juu ya shaba ilichukua miaka themanini kujitengeneza, na ukiisugua dakika moja umeiua, pamoja na bei yake. Mkusanyaji mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa mara anapoigeuza kwenye mwanga. Ishike pembezoni kwa vidole viwili. Ihifadhi kwenye bahasha ndogo ya karatasi, mbali na unyevu. Epuka plastiki laini, maana hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani. Vifaa vya kuanzia ni vichache: lenzi ya kukuzia, mizani ndogo kama ya sonara, sumaku, na daftari. Sumaku itakuonya, kwa kuwa sarafu ya shaba au ya fedha hainaswi nayo. Kwenye simu yako fungua katalogi ya Numista, ulinganishe uzito na upana wa ulichonacho. Kutambua sarafu kunahitaji subira kuliko pesa, na subira tunayo, sisi tunaoshinda kwenye foleni ya Waiyaki Way.

Liko jambo la sheria, nalo nalitaja kwa uzito. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo humo. Kuipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiokota ya namna hiyo ukichimba msingi wa nyumba, wajulishe watu wa Makumbusho. Mali ya nchi imevuja vya kutosha.

Ukitaka mfano wa Mkenya aliyelielewa hilo, mtazame Joseph Murumbi. Huyu alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, mwaka uleule Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti zake za kwanza na sarafu zetu zikaandikwa jina la Kenya. Aliacha siasa upesi. Kukusanya hakuacha: vitabu adimu kwa maelfu, stempu, nguo, vinyago, vito vya bara zima. Wageni wenye mifuko mizito walimtaka awauzie. Akachagua kuiuzia serikali ya Kenya, vitu vibaki hapa. Ndiyo maana leo unaweza kushuka Moi Avenue, ukaingia jengo la Nyaraka za Taifa lililokuwa zamani benki, ukaviona. Vingine viko Nairobi Gallery, ile ofisi kongwe ya 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambamo watu waliandikishiwa vizazi, ndoa na vifo. Murumbi hakuzaliwa katika jumba la kifahari. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alichokuwa nacho ni jicho, na kukataa kwamba vitu vyetu ni takataka. Jicho hilo wewe pia unalo.

Kwa hiyo Jumamosi hii usilale. Panda gari hadi mjini, tembea kutoka Nyaraka hadi Nairobi Gallery, kisha endelea hadi Museum Hill ukiwa na nguvu. Tazama jinsi kitu kidogo kinavyowekwa kwenye mwanga na kuandikiwa maelezo yake. Jioni rudi nyumbani ukaandike ya kwako. Anza na lengo moja dogo. Tafuta sarafu moja ya senti kumi ya kila mfalme. Au tafuta za Malkia Elizabeth, uone kwamba kwenye sarafu za Afrika Mashariki jina lake liko kwenye senti moja, tano, kumi na hamsini tu, lakini kwenye shilingi halimo. Au ruka ukoloni kabisa, uanze na za kwetu: zile za 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta bila maandishi ya jina, hadi za 2018 zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Mwalimu, wewe wa darasa la Kawangware lenye watoto sitini, sarafu kumi za tundu zinatosha kipindi kizima cha historia, na nakuhakikishia hakuna atakayesinzia.

Lakini kabla ya makumbusho na katalogi, kaa na mzee. Aliyekuwa na miaka kumi pesa ya ile Bodi ya Sarafu ilipokuwa inaondoka sasa anakaribia sabini, na aliyekuwa mtu mzima enzi za George wa Sita amevuka tisini. Weka sarafu kiganjani mwake, washa kinasa sauti cha simu, umwombe taratibu: shosho, hii mlikuwa mkiiitaje? Ilinunua nini? Ya kwanza kabisa ulipewa na nani, na uliificha wapi? Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na jina la kijiji, kwenye bahasha ileile utakayoitia sarafu hiyo. Katalogi zote za Ulaya zina mwaka, uzito na herufi ya kiwanda. Majibu ya shosho hazina, na wa kuyaleta ni wewe.