Mwenye Nguvu ni Nani?



Wapo kati yetu, Gitega na Muyinga, wanaojifunza karate, judo au ngumi. Ni jambo jema. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, akamwangusha. Lakini katika hadithi ya Bukhari na Muslim ametufundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika, si yule anayeangusha watu.

Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali aliegemea kamba akazistahimili ngumi nzito za George Foreman, aliyekuwa kijana kuliko yeye. Foreman alipochoka, katika raundi ya 8, Ali akamwangusha. Subira kama ile haiokotwi ulingoni. Hujengwa mazoezini, siku baada ya siku.

Sisi Warundi tunaijua gharama ya mkono wenye nguvu usio na hatamu. Vita vilivyoanza 1993 viliacha mayatima katika kila mkoa.

Basi mpinzani wako wa kwanza ni nani? Ni blanketi wakati wa Alfajiri. Ni simu usiku wa kuamkia mtihani. Ni neno kali linalokujia ulimini mwenzako anapokuudhi. Anayeshindwa na blanketi atamshinda nani?

Anza na kidogo usichokiacha: Alfajiri kwa wakati wake, ukurasa mmoja wa Qur'ani, dakika 20 za kukimbia mlimani. Mtume ametufunza kuwa amali ipendwayo zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa chache.

Wabillahi tawfiq.