Si Ungetoroka Tu?

Kila filamu ya mwisho wa dunia huwa na kambi. Ugonjwa umemaliza watu, ama maji yamefunika miji, na walionusurika wanatembea hadi wanafika mahali penye ukuta, taa na harufu ya chakula. Ndani kuna kiongozi mwenye sauti ya upole. Dakika 20 baadaye unagundua kwamba hakuna anayeruhusiwa kutoka. Na kama mnaangalia mkiwa wengi, lazima mtu mmoja aseme: "Aii, hawa nao! Yeye ni mmoja, wao ni mia. Mimi ningekuwa nishatoroka kitambo."

Nimewahi kuwa huyo mtu. Niliacha baada ya kusoma habari za kambi moja ambayo haikutungwa na mwandishi yeyote.

Alfajiri ya 4 Juni 1629, meli iliyoitwa Batavia, mali ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iligonga miamba ya Houtman Abrolhos, karibu na pwani ya magharibi ya Australia. Ilikuwa imebeba mabaharia, wanajeshi, wafanyabiashara, wanawake na watoto. Baadhi walizama. Wengi wa walionusurika walijikuta kwenye visiwa vidogo vya matumbawe, bila chemchemi. Kamanda wao, Francisco Pelsaert, alichukua mashua na watu wasiofika 50 akaenda kutafuta msaada katika kisiwa cha Java. Kwa zaidi ya miezi mitatu hakuonekana tena. Kwa walioachwa, dunia ilikuwa imekwisha: hakuna serikali, hakuna mahakama, hakuna wa kupigia kelele.

Mwenye cheo kikubwa kati yao alikuwa Jeronimus Cornelisz, mtu aliyewahi kuwa mtengenezaji dawa mjini Haarlem. Hata kabla meli haijavunjika alikuwa kwenye njama ya kuiteka. Sasa alipiga hesabu upya: chakula ni kidogo, na meli ya uokoaji ikija, anaweza kuiteka akiwa na kikundi chake, bora wengine wapungue.

Angalia alianza na nini. Hakuanza na damu. Alikusanya silaha zote ziwe mahali pamoja. Akashika mashua na machelezo. Kisha akawagawa watu, kundi hili kisiwa kile, kundi lile kisiwa kingine, akisema huko kutakuwa na maji. Kufikia wakati mauaji yalianza, kwanza kwa siri, halafu mchana kweupe, hakukuwa tena na "watu mia". Kulikuwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja akijiuliza kama jirani yake ameshatia sahihi kiapo cha utiifu. Zaidi ya watu 100 waliuawa, watoto wakiwemo. Na Cornelisz mwenyewe, kwa yote aliyoyaagiza, karibu kila mara alitumia mikono ya wengine.

Hapo ndipo swali la "si ungetoroka tu" linaanza kunishinda. Kutoroka na nini? Na uende wapi?

Gijsbert Bastiaensz alikuwa mhubiri wa meli. Jioni moja yeye na binti yake mkubwa walialikwa kula kwa Cornelisz. Walipokuwa mezani, mkewe na watoto wake wengine waliuawa hemani kwao. Alionywa asilie. Akaendelea kuishi, akamtumikia muuaji, kwa sababu alikuwa amebakiwa na binti mmoja. Ukitaka kumwita mwoga, mwite. Mimi neno hilo linanikwama kooni.

Lakini kuna wengine, na hapa sitaki tupite haraka. Andries de Vries, karani kijana, aliambiwa ataachwa hai iwapo atawaua wagonjwa waliolala hemani. Akawaua. Baadaye naye akauawa, kosa lake likiwa kuzungumza na mwanamke aliyekatazwa kuongea naye. Salomon Deschamps, karani mwingine, alilazimishwa kummalizia uhai mtoto mchanga. Halafu kuna Jan Pelgrom, kijana wa miaka kama 18, ambaye hakulazimishwa na yeyote. Aliomba aachiwe nafasi ya kuua, na siku moja kazi hiyo ilipopewa mtu mwingine, alilia.

Wote watatu waliishi chini ya bwana mmoja, na hofu ilikuwa ile ile. Ukisema "mazingira yaliwalazimisha," unamweka Pelgrom kwenye kapu moja na De Vries, na hiyo si haki. Ukisema "kila mtu ana chaguo," unamweka De Vries kwenye kapu la Pelgrom, na hiyo pia si haki. Sheria ya Uingereza mpaka leo haikubali "nilitishiwa" kuwa utetezi wa mauaji, na naelewa kwa nini: wale wagonjwa nao walikuwa na uhai wao, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuwa bei ya uhai wa karani. Kwa hivyo nasema De Vries alikosa. Ila nasema nikiwa nimekaa, nimeshiba, mlango uko wazi nyuma yangu.

Sasa mtazame Wiebbe Hayes. Huyu alikuwa askari wa kawaida. Cornelisz alimtuma pamoja na wenzake kama 20 kwenda kisiwa cha mbali kutafuta maji, bila silaha, na mashua ikarudi. Walitarajiwa wafe kiu. Hayes hakugoma wala hakutoa hotuba. Alitii amri na akaenda, kama ambavyo wewe na mimi tungeenda.

Baada ya takriban wiki tatu walipata maji. Kisiwa kile pia kilikuwa na ndege, mayai, na wanyama wadogo wa jamii ya kangaruu. Wakawasha moto wa moshi kama walivyoelekezwa, lakini hakuna aliyekuja kuwachukua. Waliokuja ni watu waliokimbia visu, wengine wakiogelea, wakileta habari ya yanayoendelea. Hapo sasa Hayes na wenzake wakatengeneza mikuki kwa misumari na pete za chuma za mapipa, wakajenga kuta za mawe, na wakazuia mashambulizi. Mapema Septemba walimkamata Cornelisz mwenyewe, aliyekuja na nguo na divai akidhani atawanunua. Tarehe 17 Septemba, katikati ya shambulio jingine, meli ya Pelsaert ilionekana. Hayes aliwahi kuifikia na kuonya. Cornelisz alikatwa mikono na kunyongwa tarehe 2 Oktoba. Zile kuta za mawe bado zipo.

Je, Hayes alikuwa na moyo mkubwa kuliko yule mhubiri? Labda. Lakini kabla ya moyo alipata maji. Mtu anayekunywa kutoka kisima ambacho mkubwa hakishiki anaweza kusema hapana kesho akaamka hai. Ujasiri ulianzia hapo.

Ila maji peke yake hayatoshi kumfanya mtu mwema, na hili ndilo ninalomheshimia. Angeweza kusema, "Tuko wengi tayari, rudini mlikotoka." Kila aliyeogelea hadi pale alikuwa mdomo mwingine na hatari nyingine. Aliwapokea wote. Kama kuna kitu cha kumsifu, nadhani ni hicho kuliko ile mikuki.

Naandika haya kwa sababu swali letu la filamu hatuliachi kwa filamu. Binti anarudi kutoka Ghuba na makovu mkononi, na kwenye matatu mtu anauliza, "Kwani hangetoroka?" Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kuishi kule hufungwa kwa mwajiri mmoja, na wengi wamesimulia jinsi pasipoti ilivyochukuliwa siku ya kwanza, simu nayo. Mashua ilishaondoka. Mwanamke anakaa na mume anayempiga, na shangazi anasema, "Si aondoke tu." Nyumba iko kwa jina la nani? Nauli iko kwa nani? Watoto walale wapi leo usiku?

Sisemi tuache kuhukumu. Pelgrom anastahili hukumu, na hata De Vries, na sisi pia siku tutakapomtumikia mkubwa kwa hiari. Nasema tuhukumu baada ya kuuliza nani ameshika mashua.

Na kuna swali lingine gumu zaidi, kwa sisi tulio na mfereji unaotoa maji: mtu akifika mlangoni leo usiku amelowa, tutamuuliza kwa nini alichelewa, ama tutamsogezea kiti?