Haki ya Mwenye Damu

Ndugu zangu, mtu akichukuliwa mbegu shambani mwake, hana haki katika mavuno? Nchi ya Indonesia, ambayo Waislamu wake wengi ni Mashafii kama sisi, ilikuwa ikipeleka bure kwa Shirika la Afya Duniani vijidudu vya mafua ya ndege vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa wake. Mwaka 2007 ikazuia, ilipoona kampuni ya Australia imefanya chanjo kwa vijidudu hivyo, na bei yake haiwezi.

Wakasema watu: kuzuia huku ni kuwadhuru viumbe wote. Neno hili lina kweli, wala silipuuzi. Maradhi hayajui mpaka. Lakini mbona hawakuiona dhara ya kutwaa bila ya kurejesha? Mwenye kutwaa damu ya mgonjwa, akapata kwayo elimu, sifa na mali, na mgonjwa akabaki na kitanda chake, amekula haki ya mwenziwe, japo alipewa kwa ridhaa.

Mwaka 2011 mataifa yakapatana kwamba watengenezaji wapokeao vijidudu hivyo watoe fungu la chanjo au dawa kwa wahitaji. Lakini mapatano hayo ni ya mafua tu. Damu ya mwenye malaria haimo.