Bomba Linalovuja na Mgongo wa Mwingine



Swali la mara hii laonekana dogo. Je, ni halali kumwazima jirani, au kumkabidhi kibarua, bomba la kupulizia dawa ambalo wewe mwenyewe wajua kuwa linavuja?

Sisi wa Miono twalijua bomba hilo. Hubebwa mgongoni, huchukua lita 15 hadi 20, na likijaa lina uzito wa kilo 20 hivi. Likizeeka huvuja kwenye mfuniko, kwenye koki ya mkononi, kwenye maungio ya mpira, na chini penye pampu ambapo sili zimelika. Huko chini ndiko kubaya zaidi. Dawa hushuka kiunoni mpaka mapajani, na nguo iliyolowa huishikilia ngozini hadi kazi iishe. Wengi hudhani sumu huingia kwa pua na mdomo tu. Kwa mpuliziaji, njia kubwa ni ngozi. Kisha shati lile hufuliwa nyumbani, mara nyingi na mtu ambaye hata shambani hakwenda.

Tukiulizwa, twataja spea, wala hatusemi uongo. Washa moja ya mpira, ndogo kuliko sarafu, yaweza kumtoa mtu Miono hadi Mandera, kisha Chalinze, na akikosa huko, Kariakoo. Akifika huenda akaambiwa bomba la aina ile halipo tena sokoni, anunue jipya. Mwenye busara hukiosha kipande kilicholika akaenda nacho kama kipimo, maana muuzaji husaidiwa na unene wa mpira kuliko jina la bomba. Wengine huunganisha mabomba mawili mabovu wakapata moja zima. Fundi wa baiskeli naye hukata washa katika tyubu kuukuu. Kwa maji yafaa, lakini dawa nyingi zina viyeyusho vinavyouvimbisha mpira wa namna hiyo, na haupiti muda bomba likaanza tena. Basi lijaribiwe kwanza kwa maji matupu: lijazwe, lipigwe pampu, liwekwe mahali pakavu, litazamwe.

Spea ni taabu, nakubali. Ila taabu hiyo ni sababu ya bomba kukaa ndani. Sioni inavyokuwa sababu ya kumvika mtu mwingine.

Wako watakaosema kwamba kibarua amekubali mwenyewe. Amekubali ujira; bomba hakulichagua, na pengine hakuambiwa habari zake. Hata akiambiwa, mtu anayengojewa na unga wa jioni hana nafasi kubwa ya kukataa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: zao litapotea. Korosho za nchi hii zilishuka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo simwambii mtu aache kupulizia. Namwuliza tu kama angelibeba bomba lile yeye mwenyewe, au angempa mwanawe alibebe. Akisita, amekwisha kulijibu swali letu.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe apigaye pembe kwa mara ya kwanza huhukumiwa tofauti na yule ambaye mwenyewe alikuwa ameonywa asimfunge. Kujua ndiko kunakobadili hukumu. Sura ifuatayo humdai aliyeazima mnyama akafa mikononi mwake, na hiyo twaikumbuka sana tukirudishiwa jembe limevunjika!

Limebaki bomba la kikundi. Hilo ndilo gumu, kwa kuwa kila mwanachama hulipokea likivuja na kulipitisha likivuja, akidhani mweka hazina anajua. Kwangu mimi, aliyelishika leo ndiye mwenyewe leo. Alijaze maji mbele ya anayempokeza, watazame wote wawili. Likidondosha hata tone chini ya pampu, lirudi stoo siku hiyo hiyo, na katika ada ya kuliazima zitengwe shilingi za washa kabla hazijatengwa za kitu kingine.