Kicheche Chini ya Ghala

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona gazeti la kanisa likitoa nafasi yake kwa habari ya mnyama anukaye. Yako mambo makubwa zaidi ya kuandika, na kila mwezi twajitahidi kuyaandika. Walakini jambo hili limetusumbua dhamiri muda mrefu kuliko mengi tuliyoyadhani kuwa makubwa, nasi twaona ni heri kuliweka mbele yenu kama lilivyo, pamoja na kosa letu lililo ndani yake.

Kicheche mwamjua. Ni mnyama mdogo, uzito wake haufiki kilo moja na nusu, mweusi, mwenye mistari myeupe mgongoni toka kichwani hata mkiani, na mkia wake ni wa manyoya mengi kama ufagio. Hutembea usiku, na peke yake. Akitishwa huinua mkia na kunguruma, kisha humgeuzia adui mgongo na kumrushia maji yenye harufu mbaya yatokayo katika tezi zilizo chini ya mkia. Huko Marekani wako wanyama wenye mistari na harufu kama yake, nao hulala chini ya maghala na mabanda ya wakulima vivyo hivyo, lakini wataalamu wasema si wa ukoo mmoja naye. Chakula cha kicheche ni wadudu na mabuu, panya, nyoka, hata na mayai. Na akikuta banda la kuku li wazi, hapiti bila kuingia. Basi mwenye shamba ana sababu ya kumshukuru na sababu ya kumlaumu, na huo ndio mwanzo wa shida yetu.

Katika mwaka 2018, baada ya sadaka ya mavuno, tulisikia harufu yake ndani ya ghala la usharika wetu. Ghala lile lina sakafu ya mbao juu ya msingi wa mawe, na katikati ya mbao na udongo pana nafasi ya nusu dhiraa hivi. Pembeni saruji ilikuwa imebomoka tangu zamani, na kila mwaka tuliahidiana kuiziba. Kicheche alikuwa ameingia hapo. Karibu na ghala anakaa mama mmoja mjane, ambaye kuku wake ndio ada za shule za wanawe. Yeye alikuwa amekwisha kupoteza mayai na kuku mmoja.

Wazee wa kanisa wakakutana. Mmoja alisema tumtoe kwa moshi. Tukakataa, tusije tukachoma ghala na mahindi ya Bwana. Mwingine alisema tutie sumu katika kipande cha nyama. Tukakataa hilo nalo, maana sumu haichagui mdomo, na katika kijiji chetu mbwa, tai na watoto wote huokota. Ndipo sisi tukatoa shauri lililowapendeza wote: tungoje usiku, akiisha kutoka kutafuta chakula, tuzibe tundu kwa mawe na saruji. Hapana damu, hapana moshi, hapana sumu. Tulisifiwa kwa shauri lile. Tulirudi nyumbani tukalala vizuri, kwa kuwa tulijiona wenye huruma.

Usiku wa pili mlinzi alituambia kwamba mnyama amerudi, naye anachimba penye mawe. Tukasema ni ukaidi wake. Siku ya tatu mtoto mmoja wa darasa la kipaimara, aliyepelekwa kufagia ghala, alikuja akasema amesikia sauti nyembamba chini ya mbao, kama ya vifaranga. Tulimwambia ni panya. Baadaye sauti ikakoma. Kisha ikaanza harufu nyingine, isiyokuwa ya kicheche. Tulipozing'oa mbao tuliwakuta wana watatu wamekufa, na macho yao hayajafunguka bado. Nje, upande ule wa mawe, udongo ulikuwa umefukuliwa hata kwenye mwamba.

Twajua yatakayosemwa, kwa kuwa sisi wenyewe tuliyasema yote siku ile. La kwanza lilikuwa hili: ni mnyama tu, na Mungu amempa mwanadamu kuwatawala wanyama, kama isemavyo sura ya kwanza ya Mwanzo. Ni kweli. Wala hatukubaliani na wale wanaoivuta amri ya tano hata imfunike kila kiumbe chenye pumzi, maana mtu wa namna hiyo hawezi kutega panya, wala kupiga dawa viwavi, wala kula ng'ombe, na ikiwa amri yamkataza mambo hayo, basi hakuna mkulima asiye mwuaji. Mkulima anayemwua mnyama aharibuye hakuvunja amri, nasi hatutaki kumtwika mzigo asioutwika Mungu.

Lakini sura ya pili yasema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Na mtawala asiyejua ni nani waliomo katika nchi yake anatawala nini? Tena mwatazame Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Huko mtu aliyekuta kiota cha ndege njiani ameruhusiwa kuwachukua wana, lakini amekatazwa kumchukua mama pamoja nao. Neno hili latushangaza kwa udogo wake. Halimkatazi mtu kula. Lamwekea mpaka katika kula kwake, tena lamlazimisha kwanza atazame ni nani aliyemo kiotani. Nalo ndilo tusilolifanya. Na aya inayofuata ni habari ya ujenzi: ajengaye nyumba na aweke ukuta kandokando ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Sisi hatukuwa tumejenga vizuri. Tundu lilikuwa letu kabla halijawa la kicheche.

Hapa twakumbuka habari moja ya Dakta Martin Luther, ambayo wengi hawaijui kwa kuwa haimo katika Katekisimo. Mtumishi wake wa nyumbani, jina lake Wolfgang Sieberger, alinunua nyavu za kutegea ndege wadogo. Basi katika mwaka 1534 Luther aliandika barua kana kwamba imetoka kwa ndege wenyewe, wakimshitaki Wolfgang mbele ya bwana wake. Walilalamika kwamba wamenyang'anywa uhuru wa kuruka na kuokota punje, hali hawakumkosa neno. Wakauliza mbona bidii yake haiwageukii kunguru, panya na wengineo waletao hasara katika nyumba. Ni barua ya mzaha, na twapenda kudhani kwamba nyumba nzima ilicheka. Ila katika mzaha ule mna hoja: kabla ya kutega, uliza huyu amekosa nini. Hata hivyo hoja hiyo haikutosha kwetu, kwa sababu kicheche wetu alikuwa katika pande zote mbili. Alikula mayai ya mjane, naye alikula panya waliokula mahindi ya sadaka. Ndege wa Luther wangemshitaki, nasi tungaliweza kumtetea.

Neno la pili tulilolisema lilikuwa: hatukujua. Twakiri kwamba hilo ndilo tuliloling'ang'ania zaidi, na ndilo lililotuponyoka kwa aibu. Maana yuko mzee mmoja jirani, mchunga mbuzi tangu utoto, ambaye si Mkristo. Alipopata habari alikuja taratibu, akatazama pale palipofukuliwa, akasema, "Mwalimu, mbona hamkuniuliza? Kicheche halali tundu moja siku nyingi. Ukiona amerudi pale pale kila alfajiri, ujue ni jike, na ana wana." Akaenda zake, hakusema zaidi. Kwa hiyo neno tusilolijua lilikuwa linajulikana, mwendo wa dakika kumi toka ghalani, kwa mtu ambaye hatukumdhania kuwa na la kutufundisha katika shauri la kanisa. Na mtoto wa kipaimara naye alitujulisha, tukamjibu kabla hajamaliza. Mambo ya Walawi, sura ya tano, yanena habari ya kosa litendwalo bila kujua, na halisemwi kuwa si kosa. Zamani tuliona sheria ile kuwa ngumu. Sasa twaona ya kuwa mara nyingi mtu hakujua kwa sababu hakutaka kusumbuliwa na jibu.

La tatu ndilo zito, nalo ni la mjane. Mzee mmoja wa kanisa alituambia, na kwa haki, kwamba Bwana wetu amesema watu wana thamani kuliko shomoro wengi. Je, tutamwacha mama huyu apate hasara kwa ajili ya mnyama? Tulimjibu ya kwamba kuwa na thamani zaidi si kusema wengine hawana thamani, na ya kwamba mahali pale pale Bwana anena kwamba hata shomoro mmoja haanguki pasipo Baba. Jibu letu lilikuwa zuri. Upungufu wake tuliuona baadaye.

Maana katika mwaka 2020 kicheche alikuja tena, kwa kuwa saruji yetu ya haraka ilikuwa imepasuka. Safari hii tulimwita yule mzee wa mbuzi kwanza. Alituagiza tumwage majivu laini mbele ya tundu kila jioni, tusome nyayo asubuhi, wala tusizibe kitu mpaka nyayo ndogo zionekane pamoja na za mama zikitoka. Alituonya pia kwamba kicheche aonekanaye mchana akipepesuka, asiyeogopa watu, asiguswe na mtu yeyote, kwa hofu ya kichaa cha mbwa, bali aitwe afisa wa mifugo au wa wanyamapori. Tukakubali kungoja. Tulijipongeza tena kidogo.

Wiki ya pili mjane akaja mlangoni. Alikuwa amepoteza kuku wanne. Hakukaa kitako, alisema tu, "Mwalimu, huruma yenu inakula kuku wangu."

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeazimia kumwonea mnyama huruma, na gharama yake tulikuwa tumemwachia mtu mmoja, aliye maskini kuliko sisi sote. Mabati mawili na wavu wa waya kwa ajili ya banda lake vilikuwa vimeandikwa katika kumbukumbu za kikao, vikingoja kikao kingine. Kesho yake tuliacha kazi zetu, tukamjengea banda lenye mlango wa komeo na wavu uliozikwa ardhini shubiri mbili, na kuku wale wanne tukawalipa kutoka mifukoni mwetu. Wengine walitaka fedha zitoke katika sadaka. Tulikataa, kwa kuwa sadaka imo ndani yake senti za huyo huyo mjane. Tangu siku ile hakupotea kuku. Punje zilizomwagika chini ya ghala nazo tulizizoa, maana ndizo zilizowaita panya, na panya ndio waliomwita kicheche.

Tulingoja karibu miezi mitatu. Harufu tuliizoea, ingawa wageni hawakuizoea, na harusi moja ilihamishiwa shuleni. Kisha zikaonekana nyayo ndogo. Hapo tulitundika ubao kwa bawaba mbele ya tundu, ambao huinuka ukisukumwa kutoka ndani tu, na baada ya usiku tatu za majivu yasiyokanyagwa tukachimba mfereji kuzunguka msingi, tukalaza wavu na mawe, tukajenga kwa saruji ya kweli.

Yule mtoto wa kipaimara alikuwa ametuuliza, katika mwaka ule wa kwanza, kama Mungu aliwasikia wale watatu chini ya mbao, na kama aliwasikia, kwa nini sisi tuliokuwa juu yao tukiimba hatukusikia. Tulimwambia kwamba Mungu aliwasikia. Sehemu ya pili ya swali hatukumjibu, naye hakuirudia. Mwaka 2020 ndiye aliyemwaga majivu kila jioni, bila kutumwa, na ndiye aliyekuja asubuhi moja, kabla ya kengele, kutupa habari ya nyayo ndogo.