Dhahabu Iliyokwisha Kuchimbwa

Anayetaka kujitengenezea ruta mjini Geita au Kahama huanza na swali la kiufundi: ni kompyuta ipi itakayokaa langoni, kati ya nyumba yake na intaneti? Kazi yenyewe si kubwa. Kwa laini ya megabiti 20 au 50 kwa sekunde, prosesa ya kawaida, RAM ya gigabaiti 2, matundu mawili ya kebo ya mtandao na programu huria kama OpenWrt vinatosha. Mashine iliyostaafishwa na ofisi miaka 10 iliyopita inaimudu. Hata hivyo wengi hutamani mpya yenye nguvu maradufu, eti itafaa baadaye. Hapo swali la ufundi linageuka kuwa la maadili: je, mtu ana kosa gani akichukua zaidi ya haja yake, ikiwa fedha ni zake na bidhaa zimejaa dukani?

Ukanda huu wa dhahabu unalijua swali hilo kwa karibu. Viunganishi vya bodi za kompyuta hupakwa utando wa dhahabu kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyofunguliwa 2000 na 2001, huvunja tani nzima ya mwamba kwa gramu chache tu. Kwa wachimbaji wadogo, mawe hutolewa kwenye maduara (mashimo ya machimbo), husagwa kwenye makarasha (mashine za kusagia), hupitishwa kwenye mialo ya kuoshea, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, sumu inayobaki katika maji na mapafu. Mashine iliyotumika imekwisha kulipiwa gharama hizo zote. Kuiongezea miaka 5 ya kazi ni kuacha kuidai ardhi malipo ya pili kwa kazi ileile.

Mpinzani atasema kuukuu hula umeme, naye hakosei. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 50 usiku na mchana humaliza uniti 438 kwa mwaka. Kiboksi kipya cha wati 10 humaliza 88 hivi. Lakini pingamizi hili linainyoosha hoja, haliivunji. Kinachotafutwa ni kinachotosha, na ukuukuu peke yake hauna utakatifu. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, isiyo na feni, haiachwi mbali na kile kiboksi kwa umeme, tena haifyonzi vumbi la barabara za machimbo. Na mashine iliyozeeka kiasi cha kutopokea tena masasisho ya usalama haitoshi, hata ikitolewa bure.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Geita inakula kwa dhahabu, na vifaa vya elektroniki huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya dhahabu inayonunuliwa duniani. Ruta moja iliyokarabatiwa haimnyimi mchimbaji ugali, wala haiokoi kilima. Ni kweli tupu. Ila hadithi aliyoipokea Ibn Majah inakataza israfu ya maji ya udhu hata kando ya mto unaotiririka, ingawa mto hautapungua. Katika Injili ya Yohana, aliyewashibisha watu 5,000 kwa mikate mitano, na ambaye angeweza kuizidisha tena, aliagiza mabaki yakusanywe, yakajaza vikapu 12. Kote kuwili uhaba haukuwapo. Kiasi kilidaiwa penye wingi, kwa kuwa penye uhaba mtu hana uchaguzi. Wasukuma wa Shinyanga waliyaweka haya katika desturi ya ngitili: malisho hufungwa mwanzoni mwa masika, majani yakiwa yanaota kila mahali, ili kiangazi kikute akiba. Anayesimama dukani mbele ya boksi jipya, mkoba ukiwa umejaa, yumo katika masika yake.