Kabla ya Kulipia Gari

Yeyote aazimiaye kununua gari lililokwisha kutumika, ambalo aghalabu limeletwa kwa meli kutoka Japani hadi bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, na aende kulitazama asubuhi, injini ingali baridi, kwa kuwa wapo madalali waiwashao mapema ili mnunuzi asiusikie mngurumo wake wa kwanza. Kisha auangalie moshi, kwani wa buluu hudhihirisha kuwa oili inaungua ndani ya silinda, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha kupata joto huashiria maji yaliyopenya mahali pasipo pake. Nambari ya chesisi isipolingana na ile ya kadi ya gari, hapana haja ya maneno zaidi. Gari na liendeshwe katika njia mbovu pia, redio imezimwa na madirisha yako wazi, na breki zijaribiwe mahali pa salama, na itazamwe kama usukani unavuta upande. Naona ni dhuluma kwa nafsi na kwa ahali kutoa akiba ya miaka kwa sababu ya rangi ing'aayo. Basi, ewe msomaji, nenda na fundi wako mwenyewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji, na ujira wake umlipe kwa moyo mkunjufu.